Tangi Tupu Si Tangi Salama: Mwongozo kwa Anayepeleka Tangi au Pipa Kuchomelewa

Mwananchi anapopeleka tangi lililotoboka kwa fundi wa kuchomelea, kwa kawaida huuliza mambo mawili: gharama ni kiasi gani, na kazi itakamilika lini. Tunashauri atangulize jambo la tatu, ambalo jibu lake analo yeye mwenyewe: tangi hili lilihifadhi nini? Fundi hawezi kulijua hilo kwa kutazama bati. Mteja anayenyamaza, au anayejibu kwa kubahatisha, humweka fundi na majirani wa karakana katika hatari ya kifo.

Kwa nini tangi tupu ni la hatari

Kinachowaka si petroli ikiwa katika hali ya kimiminika, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mchanganyiko huo huweza kulipuka mvuke unapofikia takriban asilimia 1.4 hadi 7.6. Ndiyo maana tangi lililomwagwa, likabakiwa na mafuta kidogo tu chini, linaweza kuwa la hatari kuliko lililojaa: lina mvuke wa kutosha, na lina hewa ya kutosha kuuwasha. Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Kuliacha tangi wazi juani kwa siku kadhaa hakutoshi kuuondoa, na kukosekana kwa harufu si ushahidi kwamba umekwisha.

Wapo wanaosema, "Hii ilikuwa dizeli tu." Ni kweli kwamba dizeli haitoi mvuke mwingi katika joto la kawaida. Lakini moto wa kuchomelea hulipasha bati joto kupita kiasi hicho kwa mbali, na mabaki yaliyojificha ndani ya kutu na katika maungio hugeuka mvuke wakati fundi amekwisha kuanza kazi. Hali ni hiyo hiyo kwa mafuta ya taa, oili chafu, rangi, tina na lami. Mapipa ya lita 200 yanayokatwa ili kutengenezwa majiko au vyombo vya kuhifadhia maji yanahitaji tahadhari hii hii, kwa kuwa mara nyingi mnunuzi hajui yalikotoka.

Maandalizi kabla ya moto

Swali la kwanza liwe hili: je, ni lazima kuchomelea? Tangi dogo la pikipiki au la jenereta huenda likagharimu kidogo zaidi kulinunua jipya, na gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na uhai wa mtu. Pipa linaweza kukatwa kwa zana zisizotoa cheche wala joto, badala ya gesi au mashine ya kukatia.

Iwapo kuchomelea hakuepukiki, tangi lote limwagwe, lifunguliwe matundu yake yote, kisha lisafishwe kwa mvuke wa maji au kwa maji ya moto na sabuni hadi tope na kutu vitoke. Baada ya hapo mtu mwenye ujuzi apime hewa ya ndani kwa kifaa cha kupimia gesi, na arudie kupima kazi inapoendelea. Kamwe isitumike oksijeni ya mtungi kupuliza ndani ya tangi: oksijeni huukoleza moto, na ikikutana na oili au grisi huweza kuwasha moto papo hapo.

Fundi anapolazimika kuingia ndani ya tangi kubwa, hatari huongezeka. Gesi za kuchomelea kama vile argoni hujaa chini na kuiondoa hewa anayoivuta bila yeye kuhisi. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya oksijeni. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, mtu asiingie. Awepo mtu wa pili nje muda wote, naye asikimbilie ndani mwenzake akianguka, bali aite msaada na kutumia kamba ya uokoaji iliyoandaliwa mapema.

Kupima kwa maji, si kwa upepo

Kazi ikikamilika, mteja ana haki ya kuhakikishiwa kwamba tangi halivuji. Hapa ndipo desturi ya kujaza upepo wa kompresa huleta msiba. Mfuniko wa pipa la lita 200 una kipenyo cha takriban sentimita 57. Presha ya baa 1, ambayo haifikii hata nusu ya upepo wa tairi la gari dogo, huusukuma mfuniko huo kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 2 na nusu.

Maji hayashindiliki kwa urahisi. Ungio likipasuka, presha hushuka mara moja na maji humwagika. Upepo ulioshindiliwa hutanuka kwa ghafla, na nishati yake katika tangi lile lile ni mara elfu kadhaa ya ile ya maji. Kwa hiyo tangi la presha lipimwe kwa maji, kwa kuzingatia mambo haya:

- Stendi na sakafu ziweze kubeba uzito: lita 1,000 za maji ni tani nzima.
- Hewa yote itolewe kupitia tundu la juu kabisa kabla ya kuanza kupandisha presha.
- Geji iwe nzima, na presha ipandishwe polepole. Kiwango cha kupimia kwa kawaida ni mara 1.3 hadi 1.5 ya presha ya kazi, na hupangwa na mtaalamu, si kwa kukisia.
- Watu wakae mbali. Asiwepo anayegonga tangi kwa nyundo au kukaza bolti likiwa na presha.
- Kasoro ikionekana, presha ishushwe yote kabla ya kuchomelea tena.
- Wakati wa kumwaga maji, tundu la juu lifunguliwe ili tangi lisibonyee.

Tangi lisilotumika kwa presha, kama la maji ya nyumbani, lijazwe maji tu na kukaguliwa maungio yake.

Wajibu wa kila upande

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na mitambo ya presha inapaswa kukaguliwa na wakaguzi walioidhinishwa. Mteja naye aseme kweli kuhusu kilichokuwamo, akubali kulipia usafishaji, na asimharakishe fundi. Fundi akikataa kazi kwa sababu tangi halijasafishwa, tunamwomba mteja asihamie karakana ya pili kumtafuta asiyeuliza maswali. Huyo aliyekataa ndiye anayeijua kazi yake.