Kazi za Jiji na Kadi ya Chama

Kama bidhaa zinavyoweza kusamehewa ushuru, nafasi ya kazi nayo yaweza kusamehewa kanuni za utumishi. Ikishasamehewa, hakuna tangazo wala usaili. Mkubwa humteua amtakaye na kumwachisha apendapo. Swali ni nafasi zipi. Ya mkurugenzi tu, au hata ya mzoa taka?

Jiji la Chicago, Marekani, lilibishania jambo hilo mahakamani kwa miaka 45. Enzi za Meya Richard J. Daley, aliyeshika madaraka tangu 1955 hadi alipofariki 1976, kanuni zilikuwapo vitabuni. Lakini watu wengi waliandikwa kuwa wafanyakazi wa muda, na muda ukiisha unaongezwa, kisha unaongezwa tena. Kumbe mtu wa muda haguswi na kanuni! Aliyetaka kufagia barabara au kuendesha gari la taka alianzia kwa mkubwa wa chama katani kwake. Uchaguzi ukifika, alipita nyumba hadi nyumba kuomba kura. Kura zikipungua, kibarua kinaota nyasi.

Mwaka 1969 mwanasheria Michael Shakman, aliyekuwa akigombea ujumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo la Illinois, alifungua kesi. Atashindanaje na watu ambao wapiga debe wao wanalipwa na jiji? Mwaka 1972 jiji lilikubali kutomfukuza mtu kwa sababu za siasa. Mwaka 1983 likakubali kutoajiri kwa sababu hizo pia. Nafasi za juu zikabaki na msamaha, tena zikaorodheshwa.

Watetezi wa misamaha wana hoja, tusiwabeze. Mapema mwaka 1979 theluji kubwa iliziba barabara za Chicago, na Meya Michael Bilandic akaangushwa na Jane Byrne katika kura za chama. Meya anayehukumiwa kwa theluji ana haki ya kumchagua msimamizi wa kuiondoa. Lakini Mahakama Kuu ya Marekani iliweka kipimo mwaka 1980: je, kazi hiyo haifanyiki vizuri bila mtu wa chama fulani? Kwa anayepanga sera, pengine. Kwa mwenye beleshi, nionavyo mimi, hakuna jibu la ndiyo.

Basi ikatafutwa njia ya uchochoroni. Mwaka 2006 Robert Sorich, ofisa katika ofisi ya meya, alitiwa hatiani pamoja na wenzake. Kazi zilikuwa zimetangazwa na usaili umefanyika, ila majina yalikwisha kupangwa na alama zikajazwa kuyafuata. Waombaji wengine walivaa nguo safi wakaenda kujibu maswali ya bure. Mwaka 2007 jiji lilikubali kutenga dola milioni 12 kuwafidia waliodhulumiwa, na usimamizi wa mahakama ukaondolewa mwaka 2014, baada ya kazi ya kuchungulia ajira kukabidhiwa mkaguzi wa jiji lenyewe.