Ugonjwa wa mapafu: msaada mkubwa uko nyumbani

Na Bwana Shamba

Kazi yangu ni kilimo. Mmezoea kusoma habari zangu za mbolea, mbegu na viwavi. Mwezi huu nitaandika juu ya pumzi. Mkulima asiye na pumzi hawezi kushika jembe, hata awe na shamba zuri namna gani. Tena nina kosa langu la kueleza.

Katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe yuko mama mmoja, mkulima wa viazi na maharage. Sitamtaja jina. Zamani aliugua kifua kikuu. Alimeza dawa zote kama alivyoagizwa, akapona.

Miaka ikapita. Mama akaanza kutweta. Kwanza alitweta akipanda mlima. Baadaye alitweta akibeba ndoo. Mwishowe alitweta hata akifunga kanga. Watu wakasema kifua kikuu kimerudi. Wengine wakasema amerogwa. Bakuli lake la chakula likatengwa peke yake.

KOSA LANGU

Siku moja nilimkuta shambani. Amekaa juu ya tuta, jembe liko pembeni, mabega yanapanda na kushuka. Nilimwambia: "Mama, acha kulima. Nenda nyumbani ukapumzike. Vijana watalima."

Nilidhani ninamsaidia. Naye alinitii.

Ilikuwa mwezi Juni. Wenyeji wa Njombe wanaijua baridi ya miezi hiyo. Moto hauzimwi jikoni. Mama alikaa kando ya moto huo toka asubuhi hadi usiku. Alikaa Juni, Julai na Agosti.

Niliporudi mwezi Septemba, hakuweza kufika mlangoni bila kushika ukuta. Miguu yake ilikuwa imekonda. "Kamwene, bwana shamba," alisema. Akanyamaza kutafuta pumzi. Kisha akaendelea: "Nimepumzika kama ulivyosema."

Maneno hayo yalinichoma.

Tulimpeleka kituo cha afya, na toka hapo hospitali. Makohozi yalipimwa. Hakuwa na kifua kikuu. Mganga alieleza kuwa ugonjwa wa zamani umeacha makovu katika mapafu. Pia moshi wa kuni wa miaka mingi umezibana njia za hewa. Alipewa dawa. Lakini mganga alisema: "Dawa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko nyumbani kwenu."

UGONJWA HUU NI NINI?

Fikiri juu ya mpira wa kumwagilia bustani. Tope likiingia ndani, nafasi hupungua na maji hupita kidogo. Njia za hewa ndani ya mapafu nazo huwa hivyo. Huvimba, hujaa makohozi, huwa nyembamba. Hewa huingia, lakini hutoka kwa shida. Hewa ya zamani ikibaki ndani, hewa mpya haipati nafasi. Ndiyo maana mgonjwa hutweta.

Ugonjwa huu sugu huletwa na sigara na tumbaku, moshi wa kuni na mkaa, na vumbi la kazi la miaka mingi. Wengine huupata baada ya kuugua kifua kikuu. Hauletwi na uchawi. Wenyewe hauambukizi. Bakuli la mama lilitengwa bure.

Lakini usijipime mwenyewe. Mtu akikohoa wiki 2 au zaidi, aende akapimwe kifua kikuu. Katika vituo vya afya vya serikali, kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Makovu ya mapafu hayafutiki. Hata hivyo mgonjwa anaweza kupata nafuu, akatembea na akafanya kazi zake. Nitaeleza jinsi nyumba ya mama huyu ilivyofanya.

KUKAA TU KUNADHOOFISHA

Sisi tunaolima kwa maksai tunajua. Ng'ombe akifungwa zizini muda mrefu, siku ya kwanza ya kulima huchoka upesi. Nyama za miguu ya binadamu ni hivyo hivyo. Zikikaa bure hulegea. Miguu iliyolegea hutaka hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Basi mgonjwa hutweta zaidi, huogopa, hukaa tena, na hulegea zaidi.

Nchini Uganda, waganga wa Kampala waliwafundisha mazoezi watu waliopona kifua kikuu lakini mapafu yao yakabaki na makovu. Walifanya mazoezi mara 2 kwa wiki, kwa wiki 6. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Watu hao waliweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Mama alianza na hatua chache kutoka mlangoni hadi mti wa kwanza wa parachichi. Baada ya siku kadhaa akafika mti wa pili. Kipimo chake ni hiki: unapotembea utweta kidogo, lakini uweze kusema maneno machache. Ukishindwa kusema, simama. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha, umwone mganga.

Mama alijifunza kusoma ukubwani. Sasa ana daftari. Kila siku huandika tarehe, idadi ya miti aliyofikia, na rangi ya makohozi yake. Mjukuu wake wa darasa la tatu humsaidia kuhesabu.

JINSI YA KUTOA PUMZI

Mama alifundishwa hospitali namna hii:

1. Legeza mabega.
2. Funga mdomo. Vuta hewa kwa pua, ukihesabu moja, mbili.
3. Kunja midomo kama unayepoza chai ya moto.
4. Toa hewa polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Usiilazimishe.

Toa pumzi wakati wa nguvu. Ukiinua ndoo, toa pumzi unapoinua. Ukiinuka kitini, toa pumzi unapoinuka. Usizuie pumzi.

Ukibanwa, kaa juu ya kigoda, inama mbele kidogo, weka viwiko juu ya magoti. Kisha toa pumzi kwa midomo iliyokunjwa. Jifunze siku ukiwa mzima, ili siku ya kubanwa usihangaike.

Kazi nazo zigawanywe. Mama humenya viazi akiwa amekaa. Hubeba ndoo nusu mara mbili, badala ya ndoo iliyojaa mara moja. Hula kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo likijaa sana hubana pumzi.

MOSHI UTOKE NYUMBANI

Jiko la nyumba ile lilikuwa na tundu dogo tu chini ya paa. Mume wake alitoboa madirisha 2 yanayotazamana. Mkwe wake sasa hupika kwa kuni zilizokauka vizuri, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Wakati wa kiangazi hupika nje, chini ya banda. Mama hakai tena jikoni. Akisikia baridi huvaa sweta na soksi, hujifunika blanketi, na huota jua.

Jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi hupunguza moshi, lakini haliumalizi wote. Gesi na umeme ni bora zaidi kwa mapafu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo leo aanze. Asiye na uwezo aanze na dirisha na kuni kavu.

Na sigara? Mume alikuwa mvutaji. Kwanza alianza kuvutia nje. Sasa anajitahidi kuacha kabisa. Mgonjwa anayevuta na asiyeacha humwaga maji katika gunia.

VUMBI LA SHAMBA

Hapa niko katika kazi yangu. Mgonjwa wa mapafu asipige mahindi wala kupepeta maharage. Kazi hizo wapewe wengine. Akiwapo karibu, akae upande ule upepo unakotoka, vumbi lisimfuate. Asinyunyize dawa ya mimea. Mahindi yaliyotiwa dawa ya kuhifadhi yasiwekwe chumba anacholala. Kuku nao wajengewe banda lao nje. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji sakafuni.

Kazi zipo nyingi anazoziweza: kuchagua mbegu, kupanda mboga kwenye bustani ndogo, kuandika hesabu za mauzo. Msimwondoe kazini kama nilivyomwondoa mimi. Mbadilishieni kazi.

DAWA YA KUVUTA

Mama alipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Wengi huiita inhela. Watu wengi hukosea kuitumia. Dawa huishia mdomoni, haifiki kwenye mapafu. Chupa tupu ya maji ya nusu lita husaidia. Mhudumu wa afya hutoboa tundu kwenye kitako cha chupa, lienee mdomo wa inhela bila kuacha nafasi. Kisha fanya hivi:

1. Tikisa inhela. Iingize kwenye tundu.
2. Toa pumzi. Shika shingo ya chupa kwa midomo.
3. Bonyeza mara moja tu.
4. Vuta hewa polepole. Zuia ukihesabu hadi 10, kama unaweza.
5. Kama umeagizwa mara ya pili, ngoja kidogo, tikisa tena, rudia.

Osha chupa kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Muulize mganga: hii ni dawa ya kila siku, au ya wakati wa kubanwa? Kuna inhela za aina zote mbili. Usibadilishane dawa na jirani.

DALILI ZA HATARI

Kila mtu nyumbani azijue. Makohozi yakiongezeka au yakibadilika kuwa ya njano au kijani, mgonjwa akipata homa, au miguu ikivimba, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, akichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, akikohoa damu, au midomo na ulimi vikigeuka rangi ya bluu, msingoje asubuhi. Mpelekeni mara moja. Asilazwe chali. Akae ameinama mbele, na inhela yake iwe mkononi. Mjue mapema usafiri utatoka kwa nani, na fedha zake ziwekwe akiba.

TUMALIZE

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakachimba vyoo kwa mikono yao. Hawakungoja mganga aje kuwachimbia. Mapafu nayo yanataka juhudi kama hiyo.

Mama yule hajapona. Bado anakohoa, na kila Juni ni mwezi mgumu kwake. Lakini bakuli lake limerudi pamoja na mengine. Mara ya mwisho nilimkuta kwenye bustani yake ya maharage, amekaa juu ya kigoda, anapalilia kwa kijembe kidogo. Alinionyesha daftari. Alikuwa amefika mti wa kumi na nne.

Sikumwambia apumzike.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama alizidi kudhoofika alipopumzika?
2. Katika nyumba yako, moshi unatokea wapi? Unaweza kubadili nini wiki hii?
3. Taja dalili 3 za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kungoja.
4. Je, kijijini kwenu yuko mtu ambaye bakuli lake limetengwa? Mtamsaidiaje?