Kibali Kipitacho Kadi kwa Kadi

Maji ya mfereji uteremkao Milima ya Uluguru kuelekea Morogoro humfikia kwanza mkulima aliye juu. Akiyazuia, aliye bondeni hukosa. Kanuni inayofanana na hiyo ilitumika ndani ya PDP-11, kompyuta ndogo iliyotolewa na kampuni ya Digital ya Marekani mwaka 1970.

Sehemu za kompyuta hiyo zilikuwa kadi zilizochomekwa katika nafasi za ubao wa nyuma. Ubao huo ulibeba Unibus, yaani njia ya pamoja yenye nyaya 56 za ishara, zikiwamo 16 za data na 18 za anwani. Nyaya nyingi ziligusa kadi zote kwa pamoja. Nyaya 5 za kibali hazikuwa hivyo. Kifaa kilipoomba kutumia njia, prosesa ilitoa kibali kilichoingia katika kadi ya kwanza. Kadi isiyoomba ilikipitisha mbele. Iliyoomba ilikizuia na kukitumia. Hivyo, kati ya vifaa vyenye daraja moja la ombi, kilicho karibu na prosesa kilitangulia.

Je, nafasi ikiachwa tupu? Mnyororo hukatika, na mashine huweza kukwama ingawa kadi zote ni nzima. Dawa yake ilikuwa kijikadi cha kupitisha vibali tu.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa betri na balbu. Zikiungwa sambamba, moja ikichomolewa nyingine huendelea kuwaka. Zikiungwa kwa mfululizo, zote huzimika. Ndiyo sababu fundi hukagua nafasi tupu kabla ya kuilaumu kadi.