Ulaya Ikiganda, Ndege Wako Bukoba

Kila Januari, maji ya maziwa mengi ya kaskazini mwa Ulaya yakiwa yameganda, wapenzi wa ndege wa huko hujifunga makoti mazito wakaenda kutazama bata waliobanana kwenye vidimbwi vilivyosalia. Wana vyama vyao, vitabu vyao na darubini za bei mbaya. Ila sehemu kubwa ya ndege walioanguliwa katika nchi zao hawawaoni, kwa sababu wakati huo wako Afrika, na baadhi yao wako katika Ziwa Victoria na mabonde yanayolizunguka. Buabua wa mabawa meupe wanadaka wadudu juu ya maji, chamchanga wanachokoa tope la ukingoni, mbayuwayu wanakatiza juu ya mafunjo. Ndege hawa hawakimbii baridi yenyewe, maana manyoya yanatosha kuwakinga, wanakimbia njaa. Tope likishakuwa barafu, mdomo mrefu haufai kitu. Bukoba, iliyo nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, ina mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima na wadudu wasiokwisha. Ndiyo maana nasema kutenga siku ya Januari ya kutazama na kuhesabu ndege, jambo tulilozoea kulihesabu kuwa starehe ya watalii, kunawahusu watu wa Bukoba na Muleba kuliko kunavyowahusu wageni.

Wazungu wenyewe walichelewa kujua ndege wao huenda wapi. Kwa karne nyingi walikuwapo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hujizika kwenye matope ya ziwa mpaka baridi ipite. Mwaka 1822, karibu na Klütz nchini Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wa mti uliotambuliwa kuwa wa Afrika. Alinusurika mkuki wa huku, akaenda kufa kwa risasi kwao. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, nao ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba nusu ya maisha ya ndege hao hupita kwetu. Tena si Ulaya pekee inayotuletea wageni. Mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, huzaliana kwenye nyasi za nyanda za juu kusini, ikiwamo Kitulo. Kipupwe kinapokaza kule, hupanda kaskazini hadi mbuga za nyasi za bonde la Ziwa Victoria, huku Minziro na ng'ambo ya mpaka, Sango Bay. Kwa hiyo Kagera hupokea wanaokimbia njaa ya baridi mbili tofauti, katika miezi tofauti.

Kuna faida gani kuwatazama? Faida ni kwamba ndege hutoa taarifa za maji mapema na bila malipo. Mdiria yule mweusi kwa mweupe, anayeninginia hewani kabla ya kujitupa majini, zamani katika Ghuba ya Mwanza alikula zaidi furu. Sangara aliyepandikizwa ziwani alipokaribia kuwamaliza furu miaka ya 1980, chakula cha mdiria kikageuka kuwa dagaa. Aliyechunguza anachokula ndege huyo angeyasoma humo mabadiliko ya ziwa zima.

Wapo watakaosema ndege huleta maradhi. Ni kweli, na jambo hilo lilitokea jirani kabisa. Januari 2017 virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N8 viligunduliwa Uganda, katika buabua wa mabawa meupe waliokutwa wamekufa ukingoni mwa ziwa, hadi upande wa Masaka, ambako si mbali na mpaka wetu wa Mutukula. Lakini fikiria tukio lenyewe: onyo lilipatikana kwa sababu mizoga ya ndege wa porini ilionekana na ikatolewa taarifa. Mwalo usio na mtu wa kuangalia ndege ungesubiri mpaka kuku wa majumbani waanze kufa. (Na mzoga wa namna hiyo haushikwi kwa mkono mtupu, anaitwa ofisa mifugo.)

Pingamizi zito zaidi ni kwamba siku moja ya kuhesabu haithibitishi kitu: buabua wakipungua Bukoba, huenda tatizo liko kwenye mazalia yao, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Hilo nalikubali. Ndiyo sababu hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1967, hurudiwa kila Januari, ili takwimu za nchi nyingi zilinganishwe. Ndege wakazi nao husaidia kutofautisha. Korongo taji, ambaye naye yuko hatarini, hajengi kiota Ulaya. Hujenga kwenye vinamasi vyetu. Akitoweka katika bonde la Ngono wakati wageni wangali wanakuja, basi kosa litafutwe hapahapa, kwenye mafunjo yaliyofyekwa na mikaratusi iliyopandwa bondeni.

Ama dai kwamba hii ni kazi ya wenye darubini na muda wa kupoteza, silikubali hata kidogo. Mvuvi anajua maana ya kundi la ndege linalojitupa majini mahali pamoja. Na watu wanaojua kusubiri msimu wa senene, wakazitambua dalili zake kabla wengine hawajaziona, hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote namna ya kuangalia vinavyokuja na kuondoka angani. Kinachokosekana ni kuandika. Shule zilizo kando ya Ziwa Ikimba, vijana wa mialo ya Muleba na waongoza wageni wa Burigi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, wanaweza kuanza Januari ijayo kwa daftari moja: tarehe, saa, mahali, aina ya ndege na idadi. Mwaka unaofuata warudi palepale, katika mwezi uleule.