Moyo ukisimama, ini laanza kuhesabiwa dakika

MFANYABIASHARA yeyote aliyewahi kuvusha samaki kutoka Mwanza kupitia Sirari anaijua hesabu yake. Barafu humpa saa, haimpi siku. Gari likikwama mpakani kwa sababu ya karatasi moja, mali huanza kupoteza thamani kabla hata haijatoa harufu.

Madaktari wanaopandikiza maini huko Ulaya wanaishi na hesabu kama hiyo. Tofauti ni kwamba mzigo wao hauuzwi wala haununuliwi, na anayeusubiri yuko kitandani, macho yamegeuka manjano, ini lake limekwisha.

Kwa miaka mingi maini mengi yaliyopandikizwa yalitoka kwa watu waliokufa ubongo huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine ya kupumulia. Ini la mtu wa aina hiyo hupata damu mpaka dakika ya mwisho. Lakini watu hao ni wachache na foleni ya wagonjwa ni ndefu. Ndiyo maana nchi kama Uingereza, Uholanzi, Uhispania na Marekani zimewageukia pia wale ambao moyo wao umesimama kabisa. Uingereza, karibu nusu ya wanaochangia viungo baada ya kufa sasa ni wa kundi hili.

Si jambo geni. Thomas Starzl alipojaribu kumpandikizia binadamu ini kwa mara ya kwanza, mjini Denver, Marekani, Machi 1, 1963, mgonjwa wake, mtoto mdogo, alifia mezani kwa kuvuja damu. Siku hizo kifo kilikuwa moyo kusimama, basi. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilieleza vigezo vya kifo cha ubongo, na wachangiaji wa aina ile ya kwanza wakawekwa kando kwa muda mrefu.

Dakika tano, dakika ishirini

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mgonjwa ameumia vibaya kichwani na yuko chumba cha mahututi. Madaktari wanaomtibu, pamoja na familia, wanafikia uamuzi kwamba mashine haimsaidii tena. Uamuzi huo hufanywa kwanza, peke yake. Suala la kuchangia viungo huja baadaye, na wanaopandikiza hawaruhusiwi kuwa na mkono katika uamuzi wa kuondoa mashine.

Mashine inaondolewa. Moyo ukisimama, hakuna anayegusa kisu. Uingereza husubiri dakika 5 ndipo daktari athibitishe kifo. Italia husubiri dakika 20. Baada ya hapo wapasuaji huingia mbio, husafisha viungo kwa maji baridi yenye dawa, na kuliweka ini kwenye barafu.

Kuna siku moyo hauchukui muda mfupi kusimama. Damu inapungua polepole, ini linakaa kwenye joto la mwili bila oksijeni ya kutosha. Muda huo ukizidi kama nusu saa, wapasuaji wengi huliacha ini hilo na kurudi mikono mitupu.

Kinachoharibika kwanza ni mirija ya nyongo. Nyama ya ini hupata damu kwa njia mbili, lakini mirija hiyo hutegemea mshipa mmoja tu. Mgonjwa anaweza kutoka hospitali akitembea, akarudi miezi kadhaa baadaye na homa na macho ya manjano, kwa kuwa mirija imejaa makovu na kuziba. Baadhi yao hulazimika kupandikizwa ini la pili.

Kutoka barafu hadi pampu

Hapo ndipo mashine zilipoleta mabadiliko. Badala ya kuliacha ini limelala kwenye barafu, linaunganishwa na pampu.

Kundi la Oxford lilitengeneza mashine inayolipa ini damu yenye oksijeni na chakula katika joto la mwili. Ini linatoa nyongo likiwa ndani ya sanduku, na daktari anaona kama linafanya kazi kabla hajampasua mgonjwa. Katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha maini 220, yaliyotupwa yalipungua kwa nusu, ingawa yalikaa nje ya mwili muda mrefu zaidi.

Waholanzi wa Groningen walichukua njia nyingine: ini likishafika hospitali kwenye barafu, hupitishiwa maji baridi yenye oksijeni kwa saa 2 hivi. Katika utafiti wao wa mwaka 2021, wagonjwa 156 waliopata maini ya watu waliokufa kwa moyo kusimama waligawanywa makundi mawili. Waliopata tatizo la mirija kuziba walikuwa asilimia 6 kwa mashine, na asilimia 18 kwa barafu pekee.

Njia ya tatu hutumika sana Uhispania, na pia Cambridge na Edinburgh. Baada ya kifo kuthibitishwa, damu huzungushwa tena kwa pampu tumboni pekee, huku njia ya kwenda kichwani ikiwa imefungwa. Maini hutoka katika hali nzuri. Lakini wapo wanaouliza: kama damu imezungushwa tena, je, kifo kile kilikuwa kamili? Mwaka 2021 American College of Physicians, chama kikubwa cha madaktari Marekani, kilitaka njia hiyo isitishwe kwanza. Mjadala haujafungwa.

Na sisi huku?

Ukanda wetu umeanza na figo. Muhimbili ilianza mwaka 2017, na mwaka 2023 Rwanda na Uganda zikafuata, kwa figo za ndugu walio hai. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka huohuo, na biashara ya viungo ni kosa. Anayehitaji ini mara nyingi husafiri hadi India, akiongozana na ndugu wa kumkatia kipande cha lake. Ini hukua tena, lakini upasuaji huo una hatari kwa wote wawili, na gharama yake humaliza mtaji wa ukoo.

Kuchukua ini la aliyekufa kunahitaji vitanda vya mahututi, sheria iliyo wazi, na zaidi ya yote imani. Familia ikishuku kwamba mashine iliondolewa ili kiungo kipatikane, hakuna pampu itakayosaidia. Hilo linajengwa kwa miaka, na linaanza kwa kuzungumza nyumbani kabla ya msiba.

Wakati huo, kuna kazi iliyo mikononi mwetu. Magonjwa mawili makubwa yanayoua maini huku yanazuilika. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Mtu mzima apime kwanza, kisha achanjwe. Jingine ni sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Anayekula sumukuvu huku ana virusi vya homa ya ini B, hatari yake ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi.

Hili wafanyabiashara wa nafaka wanalijua kwa uchungu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, malori yakalala Namanga na Busia. Kiwango cha Jumuiya ni sehemu 10 kwa bilioni, na dawa yake ni kukausha: unyevu usizidi asilimia 13.5, gunia lisikae kwenye udongo, na lililoota ukungu lisichanganywe na zima ili kujaza uzito.

Gunia hilo likivuka mpaka likaliwa, hakuna afisa wa kulirudisha. Na ini la aliyelila, huku kwetu, bado halina mbadala wa karibu.