Kyoto kwa Baiskeli ya Kukodi: Mji Uliopangwa Kama Bao la Drafti

Katikati ya Kyoto kuna uwanja mpana wa miti na kokoto uitwao Kyoto Gyoen. Ndani yake imo ikulu ya zamani walimoishi wafalme wakuu wa Japani mpaka mwaka 1869. Kokoto za uwanja huo zimemwagwa kwa wingi. Mguu huzama na gurudumu huyumba. Lakini mwenye baiskeli akitazama chini ataona mstari mmoja mwembamba, upana wake kama shubiri mbili, umepita katikati ya kokoto mithili ya njia ya mbuzi kwenye majani. Hakuna fundi aliyeuchora. Ni magurudumu ya wanafunzi, wafanyakazi na kina mama wa sokoni yaliyozisukuma kokoto pembeni, siku baada ya siku, mpaka udongo mgumu ukatokeza. Wawili wakikutana uso kwa uso, mmoja huacha mstari na kuingia kokotoni ili mwenzake apite. Aliyepishwa huinamisha kichwa kushukuru, na kila mtu huendelea na safari yake.

Wageni wengi hawauoni mstari huo, kwa sababu wanaitembelea Kyoto kwa basi. Nauli ya basi la mji katikati ya jiji ni yeni 230 kwa safari moja, uende vituo viwili au kumi na viwili, na katika misimu ya maua ya sakura na ya majani mekundu basi hujaa mpaka wenyeji wanaotoka sokoni hukosa pa kusimama. Watu wa jiji wamelalamika kwa miaka mingi. Baiskeli ya kawaida hukodishwa kwa siku nzima kuanzia kama yeni 1,000, na yenye kusaidiwa na umeme huzidi hapo. Maduka yamejaa karibu na stesheni kuu. Mteja huonyesha pasipoti au kadi yake ya ukaazi, hujaza fomu, na huondoka na chombo.

Chombo chenyewe mara nyingi ni kile ambacho Wajapani hukiita mamachari, yaani baiskeli ya mama, na neno mama hapo lina maana ileile tunayoijua sisi. Ina kikapu mbele, keria nyuma, kiti cha chini kinachoruhusu miguu kugusa ardhi, na stendi imara ya miguu miwili. Kufuli yake ni pete ya chuma iliyofungwa kabisa kwenye fremu, juu ya gurudumu la nyuma: ukiisukuma, kijiti hupita kati ya spoki na ufunguo hutoka. Kabla ya kuondoka dukani, mwenye busara hubana breki zote mbili, huwasha taa, hupandisha kiti mpaka goti linyooke vizuri, na hupiga picha ya namba ya baiskeli. Nje ya hekalu penye baiskeli mia zinazofanana, picha hiyo humwokolea nusu saa.

Mji wenyewe unamfaa mwendesha baiskeli, na sababu yake ni ya zamani. Mwaka 794 Mfalme Mkuu Kammu alihamishia makao yake hapa na kuuita mji Heian-kyo. Wapimaji wake waliiga Chang'an, mji mkuu wa China wakati ule, ambao leo ni Xi'an. Walichora mstatili wa takriban kilomita 4.5 kutoka mashariki hadi magharibi na zaidi kidogo ya kilomita 5 kutoka kaskazini hadi kusini, wakaukata kwa barabara zilizonyooka kama bao la drafti. Barabara kubwa zinazokwenda mashariki na magharibi zilipewa namba: Ichijo ni ya kwanza, Nijo ya pili, na kuendelea mpaka Kujo, ya tisa. Namba hizo zinatumika hadi leo. Mtu aliyekulia katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au vya Lamu, ambako njia hupinda kufuata kuta za nyumba, atashangaa: hapa akijua kuhesabu mpaka tisa na akijua milima iko wapi, hapotei.

Milima imeuzunguka mji pande tatu, kaskazini, mashariki na magharibi. Kusini pako wazi, na ardhi inateremka kuelekea huko taratibu sana, kiasi kwamba anayetembea kwa miguu hahisi kitu. Anayepiga pedali huhisi. Kaskazini ya mji iko juu kwa makumi ya mita kuliko eneo la stesheni, na hata anwani zinasema hivyo: kwenda kaskazini ni agaru, kupanda, na kwenda kusini ni sagaru, kushuka. Wenyeji hushauri kupanda asubuhi nguvu zikiwepo, na kurudi jioni kwa mteremko.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wasomaji wa ramani. Wilaya ya Sakyo, ambayo jina lake maana yake ni upande wa kushoto wa mji mkuu, iko mashariki, yaani kulia kwenye ramani. Ukyo, upande wa kulia, iko magharibi. Jina halikukosewa. Mfalme mkuu alikaa kaskazini akitazama kusini, na mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa mashariki. Wilaya hizo bado zina majina yaliyotokana na alivyokaa mtu mmoja miaka zaidi ya 1,200 iliyopita.

Majengo hayajadumu kama mitaa ilivyodumu. Vita vya Onin, kuanzia 1467 hadi 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya mji. Moto mwingine mkubwa uliwaka mwaka 1864. Hekalu la dhahabu, Kinkakuji, lilichomwa na mtawa kijana mwaka 1950 na likajengwa upya mwaka 1955. Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa mwaka 1945, Kyoto ilipowekwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki. Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, aliyekuwa ameutembelea mji huo miaka ya 1920, alishikilia kwamba uondolewe. Ndiyo maana leo mtu anaweza kukunja kona nyuma ya barabara ya maduka makubwa akakuta nyumba za mbao ziitwazo machiya, zenye uso mwembamba barabarani na mwili mrefu unaokwenda nyuma. Wajapani huziita kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mwaka 2007 jiji lilipunguza urefu wa juu unaoruhusiwa wa majengo ya katikati kutoka mita 45 hadi 31, na likapiga marufuku matangazo ya juu ya mapaa na taa za kumetameta. Mpanda baiskeli hunufaika moja kwa moja: akiinua macho, milima anaiona.

Barabara bora kuliko zote haina lami nzuri wala taa za kuongozea magari. Ni ukingo wa mto Kamo. Njia inapita chini ya madaraja, magari yakiwa juu, na mtu anaweza kutoka katikati ya mji mpaka Demachi, mahali mto Takano unapoungana na Kamo, bila kusimama hata mara moja kungoja taa. Kulastara husimama majini kwa mguu mmoja. Wazee hupiga tarumbeta chini ya madaraja, kwa sababu kuta za nyumba ni nyembamba na majirani wanataka utulivu. Hapo Demachi kuna mawe ya kuvukia mto, mengine yamechongwa kwa umbo la kobe, na watoto huruka kutoka kobe hadi kobe. Anayefungua mkate wake hapo awe macho: mwewe wa Kyoto hushuka kutoka nyuma, bila sauti, na kunyakua chakula mkononi. Vibao vya onyo vimewekwa, na si mapambo.

Njiani, kwenye ukingo wa mashariki, lipo jengo la Chuo Kikuu cha Kyoto lenye kituo cha masomo ya Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1986. Watu wa Kigoma wana haki ya kusimama hapo kidogo. Mtafiti wa chuo hicho, Toshisada Nishida, alianza kuwafuatilia sokwe wa milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1965, na kazi hiyo imeendelezwa na vizazi vya wanafunzi wake. Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Upande wa mashariki, chini ya milima, kuna Njia ya Mwanafalsafa, kama kilomita 2 kando ya mfereji mdogo, iliyopata jina kwa ajili ya mwanafalsafa Kitaro Nishida aliyezoea kutembea hapo akiwaza. Watalii huipenda kwa sakura zake. Mfereji wenyewe una habari kubwa kuliko maua. Makao makuu yalipohamia Tokyo, Kyoto ilipoteza watu na biashara, na viongozi wake wakaamua kutoboa milima kuleta maji ya Ziwa Biwa. Kazi alipewa mhandisi kijana, Sakuro Tanabe, na mfereji ulikamilika mwaka 1890. Mwaka uliofuata kituo cha Keage kilianza kufua umeme kwa maji hayo, na mwaka 1895 tramu ya kwanza ya umeme nchini Japani ikatembea Kyoto. Ndani ya uwanja wa hekalu la Nanzenji daraja la matofali mekundu bado linapitisha maji juu ya matao yake. Baiskeli huachwa nje kwenye maegesho, na mtu huingia kwa miguu.

Maegesho ndiyo somo gumu. Katika sehemu kubwa ya katikati ya mji, kuacha baiskeli kando ya njia ni marufuku, na lori la manispaa huja likazibeba. Kuikomboa hugharimu zaidi ya kodi ya siku nzima, ukiacha safari ya kwenda kuifuata kwenye uwanja wake. Katika mitaa yenye paa ya Teramachi na Shinkyogoku, na katika soko jembamba la Nishiki, mtu hushuka na kukokota. Vilima vya kuelekea Kiyomizudera vimejaa watu kiasi kwamba kwenda huko na baiskeli ni kujitesa.

Kisha kuna sheria. Japani huihesabu baiskeli kuwa gari dogo. Hupita kushoto, kando ya barabara. Njia ya waenda kwa miguu kwa kawaida huruhusiwa tu penye alama yake, polepole, na kengele haipigwi kuwafukuza watu. Kwa Mkenya, Mtanzania au Mganda kushoto si kugeni. Anayetoka Bujumbura, Kigali au Goma, alikozoea kulia, ajihadhari hasa anapokunja kona, maana hapo ndipo mazoea hurudi. Pembetatu nyekundu iliyogeuzwa kichwa chini ina maana ya kusimama kabisa, hata kwa baiskeli. Tangu 1 Aprili 2023 kila mwendesha baiskeli anahimizwa kuvaa kofia ngumu. Tangu Novemba 2024 adhabu za kushika simu au kuendesha umelewa zimekuwa kali, pamoja na kifungo. Na kuanzia 1 Aprili 2026 mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hutozwa faini za papo kwa papo: yeni 12,000 kwa simu mkononi, 6,000 kwa kupita taa nyekundu. Mgeni naye yumo.

Baiskeli ya umeme nayo inahitaji maelezo, kwa sababu makosa yake ni ghali. Aina inayoruhusiwa bila leseni ni ile inayosaidia mguu tu, na msaada wake hukatika mwendo ukifika kilomita 24 kwa saa. Yamaha ndiyo iliyoanza kuiuza, mwaka 1993. Ile inayokwenda yenyewe bila pedali ni pikipiki mbele ya sheria: inataka namba na bima, na kwa kawaida leseni, hata kama ina pedali za kuonyesha.

Mwenye siku ya pili aufuate mto Takano kuelekea kaskazini mpaka Takaragaike, kwenye bwawa na ukumbi wa mikutano wa kimataifa. Hapo ndipo Mkataba wa Kyoto kuhusu tabianchi ulipopitishwa Desemba 1997. Ulipoanza kutumika rasmi, 16 Februari 2005, mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alikuwa Kyoto kwa hafla hiyo, na ni katika safari hiyo ya Japani alipolijua neno mottainai, uchungu wa kuona kitu kizuri kikipotea bure. Alilibeba akalihubiri duniani kote. Katika mji huu neno hilo linaonekana kwenye mamachari zenye umri wa miaka kumi na tano, viti vyake vimefungwa viraka vya mkanda na minyororo yake imepakwa mafuta, zikiendelea kubeba vitunguu na watoto.

Ndiyo sababu wakazi wengi, wanafunzi hasa, hurithishana baiskeli mmoja anapomaliza masomo. Ni desturi nzuri, lakini kila baiskeli Japani husajiliwa kwa jina la mwenyewe, na polisi husimamisha na kulinganisha namba. Katika mkoa wa Kyoto bima ya baiskeli ni lazima tangu Aprili 2018. Anayeondoka na afute usajili wake, aandike karatasi ya kukabidhi na kuitia saini, na anayepokea aisajili upya kwenye duka la baiskeli na kukata bima kabla ya kuipanda. Ndugu anayekuja kutembea kwa siku mbili tatu ni afadhali akodishiwe, naye aulize dukani bima inalipa nini kabla hajatia saini.