Nyota moja, jina hakuna: lipi kweli, lipi si kweli?

Umeshazisikia kauli hizi. Husemwa kwenye vikao vya mameneja, kwenye foleni ya chakula cha mchana, na usiku kwenye lile kundi la WhatsApp ambalo bosi hayumo. Zote zinahusu wafanyakazi wanaoilalamikia kampuni mtandaoni bila kujitaja. Tuzipime.

"Wanaoandika ni waliofukuzwa. Debe tupu haliachi kuvuma."

Si kweli, ingawa chembe ya ukweli imo. Chukua Glassdoor, tovuti ya Kimarekani iliyofunguliwa 2008, ambako mfanyakazi huipa kampuni yake nyota moja hadi tano bila kuonyesha jina. Wachumi waliochunguza maoni ya aina hii waligundua kuwa anayeandika kwa kupenda mwenyewe huelemea pembeni: ama amekasirika sana, ama anaipenda sana kazi yake. Aliyehimizwa kuandika hutoa nyota za katikati. Kwa hiyo hasira huzidi kipimo, na sifa nazo huzidi. Meneja anayeitupa nyota moja kwa sababu hiyo, azitilie shaka na zile tano.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Kweli, mradi usome mengi kwa pamoja. Lalamiko moja laweza kuwa ugomvi wa zamu tu. Lakini utafiti wa masuala ya fedha uliochapishwa 2019 ulilinganisha kampuni za Marekani ambazo nyota za wafanyakazi wao zilikuwa zikipanda na zile ambazo zilikuwa zikishuka. Hisa za kundi la kwanza zilifanya vizuri kuliko za kundi la pili. Na dalili hiyo ilikuwa na nguvu zaidi ilipotoka kwa watu ambao bado wako kazini, na kwa wanaofanya kazi katika jimbo la makao makuu. Aliye jikoni huona chungu kikiungua kabla harufu haijafika sebuleni.

Mimi nikisoma malalamiko hutafuta linalojirudia. "Uongozi mbovu" hainiambii kitu. Watu watatu wa miaka tofauti wakiandika kwamba mshahara wa Novemba uliingia katikati ya Desemba, hapo nasimama na kusoma upya. Wahenga walipatia.

"Bila jina, hakuna atakayenijua."

Si kweli, na hili nakuomba ulishike. Julai 2022 mahakama ya shirikisho huko California iliiamuru Glassdoor itoe taarifa za watu walioisema vibaya Zuru, kampuni ya vitu vya kuchezea yenye asili ya New Zealand, iliyotaka kuwashtaki kwa kuchafuliwa jina. Na usidhani ni mambo ya mbali. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa Dar es Salaam Desemba 2016, akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wasiojitaja. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika moja ya kesi zake kwa kuzuia uchunguzi, akatozwa faini ya shilingi milioni 3. Yeye aliwakingia kifua watu wake. Si kila mwenye tovuti atakufanyia hivyo.

Tena mara nyingi hata mahakama haihitajiki. Kwenye ofisi moja niliyofanya kazi zamani, lalamiko la mtandaoni lilichapwa na kuzungushwa meza hadi meza. Dada wa mapokezi alifika mstari wa pili, "kiukweli kabisa jamani," akanyamaza, akainua macho kumtazama kaka wa stoo. Kila mmoja wetu alikuwa amemsikia akianza sentensi hivyo asubuhi ileile. Haikupita wiki mbili kibarua chake kikaota nyasi. Alichokilalamikia ni saa za ziada zisizolipwa, na alisema kweli: nami nilikuwa nadai za miezi mitatu.

"Waambie wafanyakazi waandike mazuri, mabaya yatafunikwa."

Si kweli. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kuhusu kampuni zaidi ya 400 ambazo maoni yao yalifurika ghafla ndani ya mwezi mmoja, na mafuriko hayo yalijaa sifa kuliko kawaida. Tarehe zinaonekana, na anayetafuta kazi anajua kuzisoma. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Mtu mmoja hawezi kuitikisa kampuni kubwa."

Si kweli, muulize yeyote aliyekuwa Uber. Februari 2017 Susan Fowler, mhandisi aliyekuwa ameacha kazi huko, aliandika mtandaoni, tena kwa jina lake kamili. Alisema alipomripoti meneja aliyemtongoza, idara ya rasilimali watu ilimjibu kwamba hilo lilikuwa kosa la kwanza la meneja huyo. Baadaye alikutana na wanawake wengine walioambiwa hivyo hivyo, kuhusu mtu yuleyule. Kufikia Juni wafanyakazi zaidi ya 20 walikuwa wamefukuzwa, na mkurugenzi mkuu Travis Kalanick alikuwa amejiuzulu.

Lalamiko la kwanza la Fowler lilikuwa limefika mezani kwa idara hiyo zaidi ya mwaka mmoja kabla dunia haijalisoma.